Gia boksi ya Benz W210 inatetemeka: niweke haidroliki ipi?

#1 Mpanda Kitonga

Wakuu, habari za jioni.

Nina Mercedes E240, bodi ya W210, ya mwaka 1999, ilishuka kutokea Japani. Nimeichukua mkononi kwa mzee mmoja wa Upanga aliyekuwa anaitoa misibani na ibadani tu. Kilomita 148,000. Viti vya ngozi havijachanika hata kimoja, injini ukiiwasha unaweza ukasahau kuwa inawaka.

Shida ni gia boksi. Nikiwa kwenye 70 mpaka 80, mguu mwepesi, gari linatetemeka kama linapita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, na barabara ni tambarare kabisa. Mshale wa RPM unacheza juu chini kidogo. Nikikanyaga zaidi inaacha. Nikilegeza inarudi. Halafu mara mbili limenikwamia gia ya pili, mara moja nimetoka Kibamba mpaka nyumbani Tabata naburuza 40 huku malori yananipigia honi. Nikalizima, nikaliwasha, likawa zima kama si lenyewe.

Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu. Fundi wa mtaani: "Weka Dexron, maliza." Jamaa wa duka Kariakoo: chukua hii ya rangi ya buluu, ndiyo mpya kabisa ya Benz. Shemeji yangu: usithubutu kuigusa, ile oili imewekwa kiwandani ni ya maisha, ukiibadilisha tu boksi linakufa wiki hiyo hiyo.

Nimetaka angalau nipime kiwango, kijiti hakuna. Kuna bomba limefungwa kofia yenye pini, ukisoma wanakwambia ni kwa ajili ya gereji tu. Gari langu, kofia si yangu.

Nifanye nini?

#2 Kuku wa Kisasa

Uza. Nunua IST. Lala usingizi.

#3 Nipo Siti ya Nyuma

Haidroliki ni haidroliki mkuu. Zote nyekundu. Mimi naweka ile ya dumu la lita tano, ya stering na ya gia boksi ni moja, mwaka wa sita huu.

#4 Mpanda Kitonga

Mkuu #3, una gari gani?

#5 Nipo Siti ya Nyuma

Corolla 110. Manyuo.

#6 Kuku wa Kisasa

😂😂😂 Manyuo! Stering ndiyo inayoinywa hiyo.

#7 Mzee wa Rau

Vijana, msimcheke fundi wake. Mimi nina W124 ya 1991 hapa Moshi, Dexron ndiyo oili yake halali, nimeitumia tangu nywele nyeusi. Gari halijawahi kutetemeka. Kijiti cha kupimia kipo pale pale kwenye injini, unachomoa unaangalia. Sasa hii ya kufunga kofia na pini sijui walikuwa wanaficha nini.

#8 Spana Kumi

Shikamoo Mzee wa Rau. Umegusa penyewe, ila umegusa boksi la kwako.

Mleta uzi, kabla ya kuuliza oili, jua una boksi gani. Lala chini ya gari, futa tope ubavuni mwa gia boksi juu kidogo ya sampo (bakuli la oili chini ya boksi), kuna namba imegongwa inayoanza na 722. Kwa E240 ya 1999 utakuta 722.6, la gia tano, ambalo Mercedes walianza kulifunga mwaka 1996. Ukikuta 722.3 au 722.4, hilo ni la gia nne, la kina mzee, basi yote ninayosema hapa chini yafute.

Tofauti ya hayo mawili si idadi ya gia tu. Boksi la mzee halina klachi ndani ya konvata, kile chungu cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye boksi. Konvata yake inasukuma oili kwa oili muda wote, kwa hiyo haichagui sana. La kwako lina klachi ndani ya konvata ya kuunganisha injini na boksi mkiwa kwenye mwendo, ili usichome mafuta bure. Na hiyo klachi haikamati ikabana moja kwa moja. Kompyuta inaiachia iteleze kidogo, kwa makusudi. Umeshamwona dereva wa daladala anavyolishikilia gari kwenye kilima kwa klachi, halirudi wala haliendi? Ndiyo hivyo hivyo, ila kwa kipimo, na inafanya kazi hiyo ikiwa imezama kwenye oili.

Sasa oili ikichoka, au ukiweka isiyo yake, ule utelezi unaondoka. Klachi inakamata, inaachia, inakamata, inaachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Hiyo ndiyo rasta yako. Ndiyo maana ukikanyaga inaacha, kwa sababu kompyuta inaifungua klachi.

Namba zako ni hizi. Boksi hili lilitoka na oili yenye kipimo cha Mercedes 236.10. Ikafuata 236.12, ikafuata 236.14. Mercedes wenyewe wanaruhusu 236.14 iingie kwenye 722.6, na ndiyo utakayoipata kirahisi leo. Fuchs Titan ATF 4134 ni ya kipimo hicho, Shell ATF 134 pia.

Ile ya buluu uliyopewa Kariakoo ni 236.15. Ilikuja mwaka 2010 kwa ajili ya matoleo mapya ya boksi la gia saba. Ni nyepesi kuliko ya kwako. Muuzaji hajakudanganya kwamba ni ya Benz. Ni ya Benz ya mtu mwingine.

Na hilo la kukwama gia ya pili ni kesi nyingine. Usije ukanunua oili ukitegemea itatibu hilo. Likapime kwa mashine ya kusoma hitilafu kwanza.

#9 Mpanda Kitonga

Mkuu nimekuelewa. Kumbe fundi wangu hakuwa mjinga, alijifunzia kwenye W124.

Ila la shemeji bado linanitisha. Kuna watu wengi wanasema walibadilisha oili na gari likafa.

#10 Dereva wa Ngong

Niko Nairobi, C-class W202 ya 2000, boksi hilo hilo. Hiyo story ya "usiguse" iko hapa pia. Nilikaa nayo miaka minne nikiogopa. Halafu nikauliza mwenye aliniambia: hiyo gari ilikufa ilikuwa inafanya nini kabla wabadilishe? Akasema ilikuwa inateleza gia, ndio wakaamua wabadilishe. Sasa hiyo si oili imeua, bana. Maiti haiuawi na mtu aliyeiosha.

Nilibadilisha nikiwa na 170,000 km. Kile kilitoka kilikuwa cheusi kama chai ya rangi imelala. Mpaka leo inapanda Limuru bila shida.

#11 Spana Kumi

Dereva wa Ngong amemaliza. Nyongeza ndogo: "ya maisha" ilikuwa kauli ya Mercedes wenyewe miaka ile. Baadaye wakaingiza kwenye ratiba ibadilishwe kwenye km 60,000. Mpanda Kitonga, wewe uko 148,000 na huna uhakika kama imewahi kuguswa.

Usikubali mtu akuunganishie mashine ya kusukuma oili kwa presha kwenye boksi la umri huu. Fungua sampo, mwaga, badilisha filta na gasketi, mwaga konvata, jaza. Basi.

#12 Mswahili wa Muscat

Assalaam aleikum jamaa zangu. Mie niko Muscat, gereji zetu za Wadi Kabir zimejaa Benz za umri huo, na joto la huku wallahi halina huruma na oili ya gia boksi. Nna neno moja tu kuhusu kopo.

Usisome jina mbele. Geuza nyuma. Kuna kopo limeandika "MB-Approval 236.14" na kuna kopo limeandika kwamba linafaa kwa magari yanayohitaji 236.14. Yule wa kwanza kampuni ya oili imepeleka oili yake kwa Mercedes, ikapimwa, ikakubaliwa, na jina lake limo kwenye orodha yao. Yule wa pili anajisifu mwenyewe. Pengine ni nzuri, sikatai, lakini shahidi ni yeye na mshitakiwa ni yeye.

Na zile chupa zilizojaa lugha, "inafaa Toyota, Nissan, Honda, Benz, BMW", yakhe, nguo ya kumfaa kila mtu ni kanga tu.

#13 Bibi Gereji

"Nguo ya kumfaa kila mtu ni kanga tu." Naichukua hiyo, nitaibandika ukutani ofisini.

#14 Mzee wa Rau

Marahaba Spana Kumi, nimejifunza. Niwaongezee la kizee. Hiyo Dexron ni jina la General Motors wa Marekani. Zamani sana, kabla ya miaka ya 1970 kushika kasi, oili hizi za gia za otomatiki zilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi ziteleze vizuri. Marekani ikapiga marufuku biashara ya nyangumi, wakahangaika kutafuta mbadala. Kwa hiyo habari ya klachi kutaka utelezi wake haikuanza na Benz.

Lingine: GM waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Kila dumu jipya la "Dexron III" mnaloliona dukani leo, mwenye jina halikagui. Hata mimi mwenye haki ya kulitumia nanunua kwa mtu ninayemjua.

#15 Crown Nyeusi

Wakuu samahani kuingilia. Nina Crown Athlete ya 2005, hii 236.14 inaweza kuingia? Maana mnaisifia sana.

#16 Spana Kumi

Hapana. Yako inataka oili ya Toyota yenyewe, WS au T-IV kulingana na boksi ulilonalo. Na usizichanganye hizo mbili kwa kuwa zote ni za Toyota. WS ni nyepesi zaidi, na Toyota wenyewe wanakataza kubadilishana. Soma maelekezo ya gari lako, fungua uzi wako.

#17 Crown Nyeusi

Sawa mkuu, naendelea kujifunza.

#18 Mpanda Kitonga

MREJESHO.

Nilikuwa kimya wiki mbili, nilikuwa natafuta. Maduka matatu Kariakoo, mawili Ilala. Duka la tano ndipo nikakuta chupa imeandikwa kama alivyosema Mswahili wa Muscat, nyuma, herufi ndogo, MB-Approval 236.14. Lita sh. 46,000. Nimechukua lita tisa, mke wangu hajui, na ninyi hamjui mke wangu.

Kwanza nikapeleka kwenye mashine. Kodi ya hitilafu iliyotoka ni ya sensa ya spidi, ile N3. Fundi akanieleza sensa hizo hazipo peke yake, zimejengwa kwenye bamba moja la plastiki linalokaa juu ya valvu bodi (kile chuma cha kugawa presha ya oili), ndani, na oili. Kwa hiyo kuzifikia ni lazima sampo lishuke. Nikasema basi, safari moja. Nikanunua bamba zima jipya.

Jumamosi asubuhi tukafungua. Niliweka ndoo ya rangi niliyoipiga alama za lita kwa kalamu, nikimwaga maji chupa kwa chupa usiku wa jana yake (nilijiona mwanasayansi). Sampo lilitoa lita 3.9. Halafu fundi akatoa kifuniko kidogo chini ya kengele ya gia boksi (pale inapoungana na injini), mimi nikawa mbele nazungusha krenki kwa spana ya 27, polepole, upande wa saa tu, mpaka akapiga kelele "hapo hapo!" Plagi ya konvata ikaonekana. Kumbe matoleo ya baadaye waliiondoa hiyo plagi, langu linayo. Ikatoka 3.4 nyingine.

Rangi: kahawia. Si nyekundu hata kidogo. Harufu kidogo ya kuungua, si sana. Kwenye sumaku ya sampo kulikuwa na uji wa kijivu, laini, ukiupaka kwenye kidole hauna chembe. Fundi akasema hapo ushukuru, ingekuwa vipande tungekuwa tunaongea mengine.

Kitu kilichonishtua ni soketi ya nyaya inayoingia ubavuni mwa boksi. Alivyoichomoa, pini zote zimelowa oili. Oringi zimekauka, na oili inapanda ndani ya nyaya yenyewe, polepole kama utambi wa kibatari, inaelekea kwenye kompyuta ya boksi kule mbele. Tukaenda kuangalia soketi ya kompyuta: kavu. Imeponea chupuchupu. Tumeweka soketi mpya yenye oringi mpya. Kitu chenyewe kidogo kama kifundo cha mkono.

#19 Spana Kumi

Hiyo soketi ndiyo ningekuandikia leo. Kuna watu wamenunua kompyuta kwa sababu ya oringi.

Umepimaje kiwango?

#20 Mpanda Kitonga

Hapo ndipo nina swali. Nimepata kijiti cha kupimia, kirefu, kinapinda kama waya wa breki ya baiskeli, kina alama za 25 na 80. Tumeweka 4 kwanza, tukawasha, tukaongeza 3 haraka haraka maana konvata tupu ilikuwa inanyonya. Tumetembea, tumerudi, tumepima. Lakini mashine inasema oili ina nyuzi 88, mimi nikigusa sampo mkono unakaa bila shida. Nani muongo?

#21 Spana Kumi

Lever ilikuwa P au D?

#22 Mpanda Kitonga

P.

#23 Spana Kumi

Basi mashine haijakusomea oili. Imekusomea maji ya injini.

Ndani ya lile bamba, sensa ya joto imeunganishwa mfululizo na swichi ya P na N, ile inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia. Ukiwa P au N ile njia imekatika, kompyuta haioni joto la oili, inajiazimia joto la injini. Ukweli unauona ukiwa R au D. Kwa hiyo: kanyaga breki, weka D, soma. Ikifika 80, rudisha P, injini iachwe silensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), gari liwe sehemu tambarare, ndiyo uchomeke kijiti. Alama ya 25 ni ya kukuanzishia tu, usiimalizie hapo. Oili ikipata moto inavimba.

Na kijiti ukifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Si tambara la fulana. Unyuzi mmoja ukienda ukakaa kwenye valvu utatuletea uzi mwingine.

Ikizidi, toa. Usiseme "si mbaya ikizidi kidogo". Ikizidi inapigwa na vyuma vinavyozunguka, inatoa povu, na povu halibebi presha.

#24 Bibi Gereji

Miaka kumi na moja gereji na hili la P na D sikulijua. Nimekuwa nikibishana na mashine peke yangu.

#25 Mpanda Kitonga

Nimerudia. Nimezunguka Tabata, Segerea, nikarudi na foleni yake, dakika 40. Nikaweka D: 71. Kumbe. Nikasubiri mpaka 80, nikapima: iko chini ya alama. Nimeongeza kidogo kidogo kwa faneli yenye mdomo mwembamba, jumla nimeingiza 7.5. Sasa iko katikati ya alama mbili za 80.

#26 Dereva wa Ngong

Na ile kutetemeka?

#27 Mpanda Kitonga

Siku ya kwanza ilikuwepo bado, nikakaribia kulia. Siku ya tatu ikawa inakuja na kutoka. Leo nina kilomita 400 hivi tangu tubadilishe, nimetoka Dar mpaka Chalinze na kurudi, nimekaa makusudi kwenye 75 na mguu mwepesi kuitafuta. Nimeipata mara moja, Mlandizi, kama mtu amekohoa chumba cha pili. Kukwama gia ya pili hakujarudi tangu bamba jipya.

#28 Spana Kumi

Klachi bado inajisafisha na oili mpya, na kuna ya zamani iliyobaki kwenye mabomba ya rejeta. Tembea nayo. Ukifika elfu tano na bado inakohoa, mwaga tena ya sampo peke yake. Ikiendelea hapo, konvata yenyewe imechoka.

#29 Mzee wa Rau

Na ile kofia yenye pini?

#30 Mpanda Kitonga

Mzee wangu, pini tuliivunja. Nimenunua nyingine, nimeifunga, ila ya akiba iko kwenye dashibodi.

Nimebakiwa na chupa moja haijafunguliwa na nusu ya nyingine. Hiyo nusu naiweka kwa ajili ya akiba. Chupa nzima anayehitaji mwenye 722.6 anione pm, bei niliyonunulia.

#31 Crown Nyeusi

Mkuu hiyo chupa moja nachukua mimi. Nipo Sinza, nakufuata hata leo.

#32 Kuku wa Kisasa

Soma #16 baba.